Kupima Hatari ya Mafuta Njiani: Mfano wa Uwanda wa Ufipa

Isemwapo kwamba mafuta yamemwagika, aghalabu fikra huelekea baharini, kwenye meli iliyopasuka. Wakazi wa Izia, mjini Sumbawanga, wako mbali mno na bahari. Hata hivyo jambo hili lawahusu. Malori ya mafuta hupita katika barabara ya Tunduma, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 200, na barabara nyingine hushuka kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, katika Ziwa Tanganyika.

Hatari hupimwa kwa maswali mawili. Je, ajali yaweza kutokea mara ngapi? Na ikitokea, italeta madhara kiasi gani? Kila jibu hupewa alama, kuanzia 1 hadi 5, kisha alama hizo huzidishwa. Tuseme kona kali isiyo na makazi wala mto karibu hupata 4 × 1, yaani 4. Kalvati juu ya kijito kinywewacho na kijiji kizima, mahali ambapo ajali ni nadra, hupata 1 × 4, nayo pia ni 4. Hapo mwanafunzi na ajihadhari, kwani hesabu zalingana lakini mambo hayalingani. Kona hutengenezwa kwa vibao na kingo. Kijito huhitaji watu waliokwisha kujiandaa kuyazuia mafuta. Ni afadhali alama zote mbili ziandikwe wazi, wala lisionyeshwe jibu peke yake.

Madhara ya kwanza ni moto. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya Ufipa ya mwezi Julai. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kutuama mitaroni, palepale wanapoinama watu wenye ndoo na madumu. Cheche moja yatosha. Malori ya mafuta yalipinduka Sachangwan, Kenya, mwezi Januari 2009. Sange, mashariki ya Kongo, mwezi Julai 2010. Na Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Kila mahali watu walikusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Huko Sange walizidi 200. Wengi wao hawakuwa wasafiri: walikuwa jirani, au walikuja kuchota. Basi apimaye madhara asihesabu waliomo garini tu, bali pia wote wanaoweza kufika hapo kwa miguu katika robo saa.

Madhara ya pili huja polepole, kwa njia ya maji. Dizeli haivukizwi upesi kama petroli. Nao uwanda wa Ufipa ni mfano wa paa la nyumba: maji ya mashariki hushukia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto utokao; ya magharibi, pamoja na yale ya mto Kalambo, huingia Ziwa Tanganyika, lenye mto mmoja tu utokao, yaani Lukuga. Maji ya Tanganyika hukaa humo kwa karne kadhaa.

Lita moja ya mafuta, ikitandaa kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimeta, hufunika meta za mraba 1,000. Lita 30,000 zingefunika kilometa za mraba 30. Kwa kweli sehemu kubwa ingevukizwa au kunaswa na udongo kabla ya kufika ziwani; lakini kiasi kidogo chaweza kudhuru, maana samaki wengi wa Tanganyika huzaliana kandokando ya miamba ya ufukoni, ambako upepo husukumia mafuta. Ufuko huo ni wa nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilizotia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa mwaka 2003.

Kwa zoezi, wanafunzi wachore ramani ya barabara iliyo karibu na shule, waonyeshe kila kalvati, soko na kisima, kisha waufuate mteremko. Mvua inyeshapo, maji ya kalvati ya kwanza huelekea wapi, na hupita kando ya visima vingapi?