Kapolowe Gare au Kapolowe Mission?

Swali: Mimi ni mkazi wa Panda, na mwakani nastaafu, nimekusudia kuhamia na ahali yangu kando ya ziwa Tshangalele. Je, nijenge Kapolowe Gare au Kapolowe Mission?

Jibu: Ndugu mpendwa, kabla hujauliza bei ya kiwanja, uliza kwanza habari za maji, kwani ziwa hilo, lililozaliwa mnamo 1930 mto Lufira ulipozuiwa pale Mwadingusha ili upatikane umeme wa migodi, ndilo lipokealo maji yashukayo kwa vijito kutoka viwanda vya madini vya Shituru, jirani zako wa leo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekwisha kuyakuta madini ya kobalti yamekithiri miilini mwa watu wa mwambao huo.

Kwa sababu hiyo, ingawa Mission, iliyo karibu zaidi na ziwa na iliyoasisiwa na watawa Wabenediktini, ina utulivu ambao nafsi yangu inautamani, naelemea Gare, iliyo kando ya reli na ya barabara kuu iendayo Lubumbashi, ambako mstaafu aweza kumfikia tabibu au kuuza mahindi yake pasipo taabu kubwa. Lakini ikiwa riziki yako itatoka wavuni, basi Mission. Ila maji ya kunywa yatekwe kisimani, wala watoto wasilishwe samaki wa ziwani kila siku.

Nenda ukavitazame viwanja mwezi wa Februari, mvua ikiwa imeshamiri, maana ziwa hilo lina kina kifupi, na likijaa huenea mbali.