SOMO: ALAMA ZA MWILINI NA HUKUMU YA MACHO

Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 16:6-7, Walawi 19:26-28, Wagalatia 6:11-17



Kuna maswali mawili yanayorudi mara kwa mara katika vikundi vyetu vya maombi. La kwanza ni la wazazi. Mama anapokea picha kwa simu kutoka Marekani, anamwona mwanawe amechora tatuu mkono mzima, anaanza kulia: je, mtoto wangu amepotea? Swali la pili halisemwi kwa sauti, linanong'onwa tu: yule kijana mwenye chale kifuani, kweli tumbatize? Leo tuyaangalie yote mawili pamoja, kwa maana mzizi wake ni mmoja.

1. ALAMA SI JAMBO LA JANA

Wengine husema kujichora kumeletwa na Wazungu. Wazee wetu wanajua kwamba sivyo. Watabwa wa ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika walichanja chale usoni na mwilini, na kwao huo ulikuwa uzuri. Waluba walifanya hivyo pia. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo waliwafunga watoto wachanga kamba kichwani ili kichwa kirefuke kwenda nyuma, desturi iliyofifia katika miaka ya 1950. Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji walijulikana kwa nembo zao za usoni. Kwa kuangalia nembo, watu walimtambua mtu na ukoo wake.

Wamisionari walipofika, wengi wao waliwafundisha waumini kuziacha alama hizo, kwa kuwa waliziona ni za kipagani. Lakini kuna Wakristo wa kale ambao alama kwao ni ushuhuda. Wakristo wa Kikopti wa Misri wengi huchora msalaba mdogo upande wa ndani wa mkono wa kulia, karibu na kiganja. Huko Ethiopia wako mama wengi wenye msalaba kwenye paji la uso.

Na leo? Huko Marekani, utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wazima 32 katika kila 100 wana tatuu. Kwa hiyo mama yetu ajue kwamba alama ambayo kwetu inasomwa kama uhuni, kule alikokwenda mwanawe inaweza kusomwa kama pambo tu, au kumbukumbu ya ndugu aliyefariki. Kabla ya kulia, amuulize mwanawe: mwanangu, alama hii maana yake nini kwako?

2. NENO LA MUNGU LINASEMAJE?

Walawi 19:28 inakataza kuchanja mwili kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Andiko hili tusilifiche. Lakini tulisome pamoja na jirani zake. Mstari wa 27 unakataza kunyoa pembe za ndevu, na mstari wa 19 unakataza nguo ya nyuzi za namna mbili. Wanaume wangapi kati yetu wamenyoa ndevu asubuhi ya leo? Mungu alikuwa akiwatenga Israeli na ibada za mataifa yaliyowazunguka. Katika 1 Wafalme 18:28 tunawaona manabii wa Baali wakijikata kwa visu ili mungu wao awasikie. Huko ndiko kosa liliko: kumwaga damu yako ili kupata nguvu kwa miungu.

Sasa tazama pambo. Katika Mwanzo 24:47 mtumishi wa Abrahamu anamtia Rebeka pete puani, wala Biblia haimlaumu. Katika Kutoka 32:2-4 pete za masikioni zinayeyushwa kuwa ndama. Dhahabu ni ile ile, lakini moyo ni tofauti.

Hata tohara ni kukatwa mwili. Paulo alimtahiri Timotheo ili asiwe kikwazo kwa Wayahudi (Matendo 16:3), lakini alikataa Tito atahiriwe, kwa sababu wengine walitaka kuifanya iwe sharti la wokovu (Wagalatia 2:3-5). Mtume ni yule yule, kisu ni kile kile, na majibu ni mawili. Kwa hiyo swali la kwanza si alama iko wapi, bali ni kwa nini imewekwa.

3. CHALE ZA VITA

Hapa naomba tusome taratibu, kwa maana ni jambo linaloumiza watu wetu.

Mashariki mwa Kongo, vijana wengi waliingizwa katika makundi ya Mai-Mai wakachanjwa chale na kupakwa dawa, wakiambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Wengine walichukuliwa wakiwa watoto wadogo. Kijana kama huyo akifika kanisani, chale zake zinamtangulia kusema. Lakini wako pia wengi waliochanjwa na bibi zao walipougua bandama, na wengine wana makovu ya panga waliyopigwa wakikimbia. Je, wewe uliyeketi benchi la nyuma unajua ipi ni ipi? Ukimwita mwenzako muuaji kwa kuona ngozi yake, neno hilo litazunguka kambi yote kabla ya jua kuzama, na linaweza kumharibia maisha.

Sisi wakimbizi tungepaswa kuwa wa mwisho kuhukumu kwa macho. Nchini Rwanda, tangu miaka ya 1930 kabila liliandikwa kwenye kitambulisho, na mwaka 1994 wasiokuwa na kitambulisho walipimwa vizuizini kwa pua na kwa urefu. Wengi wetu, kutoka nchi zetu mbalimbali, tulikimbia kwa sababu mtu alitutazama uso akadhani ametujua. Samweli naye, nabii mkubwa, alimwona Eliabu na kimo chake akadhani ndiye mfalme, na Bwana akamrekebisha.

Kama kijana alichanjwa kwa dawa za vita, aikane dawa hiyo, atubu, aombewe, abatizwe. Kovu litabaki, lakini agano limevunjika. Damu ya Yesu haihitaji kwanza ngozi isafishwe.

4. KWA NINYI VIJANA

Kuwapokea waliochorwa si kuwatuma mkajichore. Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19-20). Basi zingatia haya:

a) Wembe au sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kukuletea UKIMWI na homa ya ini. Chombo kichafu kinaweza kuleta pepopunda. Usikubali kuchorwa wala kutogwa kwa chombo cha kushirikiana.

b) Wino wa tatuu huingia chini ya ngozi ya juu, ndiyo maana haufutiki kwa maji wala sabuni. Kuuondoa kwa mionzi ya leza ni ghali na huchukua muda mrefu. Jina la mchumba wa leo unaweza kulibeba mbele ya mke wa kesho.

c) Jiulize: ninataka kusema nini kwa alama hii? Kama ni uchungu, kuna mchungaji, kuna mama na baba wa kanisa. Njoo uuseme kwa mdomo.

d) Usimkwaze ndugu aliye dhaifu (Warumi 14:13-21). Vaa na ujipambe ukimfikiria mwenzako pia.

5. ALAMA ZA BWANA WETU

Paulo alisema anachukua mwilini chapa za Yesu. Hizo hazikuwa pambo, bali makovu ya fimbo na mawe. Na Bwana mwenyewe, alipofufuka katika mwili wa utukufu, hakuyaficha makovu yake. Alimwita Tomaso ayaguse. Tomaso alipoyatazama hakuona aibu, alimwona Mungu wake.

Basi Jumapili ijayo, yule unayemkwepa kwa sababu ya ngozi yake, msogelee. Mpe mkono. Mwulize jina lake kabla hujaisoma alama yake.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika ukoo wenu, wazee walikuwa na alama gani, na zilikuwa na maana gani?
2. Kwa nini hatusemi neno juu ya binti aliyetogwa masikio, lakini tunamsema kijana mwenye tatuu?
3. Je, kuna mtu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya macho yetu? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?

Mungu awabariki.