Nani Acheze Mchawi? Somo Kutoka Keza

Likizo iliyopita sisi wanachama sita wa klabu ya sanaa tulipanda basi hadi Ngara, tukafika Keza kwetu tukiwa na kamera moja ya kukodi, taa mbili za kuchaji na skripti ya tamthilia fupi. Hadithi yenyewe: wasichana wa kidato cha pili wanaanza kuanguka darasani mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao anaona kitu ambacho wenzake hawakioni. Anayesema hajawahi kusikia habari za wanafunzi kuanguka mapepo shuleni, basi hakusoma Bongo hii. Bumu lilikuwa limeingia, morali iko juu. Tulidhani tatizo letu litakuwa umeme. Kumbe tatizo lilikuwa watu, yaani nani acheze nani.

Kwenye skripti kulikuwa na mchawi, kikongwe. Jirani yetu mmoja, bibi ninayempa shikamoo tangu sijaanza shule, ana macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka yote ile. Mwongozaji wetu alipomwona tu akasema, "Huyu huyu!" Bibi mwenyewe alicheka, akakubali. Tukampiga kama dakika kumi, anatoka migombani taratibu, anasimama, anaitazama kamera. Picha ilikuwa kali, sikufichi. Usiku mwanawe akaja. Hakugomba. Aliomba aone, tukamwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera, kisha akauliza swali moja: "Hii ikishaingia kwenye simu za watu, nani atawaambia kwamba mama alikuwa anaigiza?"

Tulifuta mbele yake.

Kwa msomaji asiyetoka Kanda ya Ziwa: vikongwe wameuawa huku, hasa Shinyanga, Mwanza na Geita, kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa tangu 1928. Lakini kipande cha sekunde kumi na tano hakimtuhumu mtu kwa maneno. Kinamwonyesha tu, na kijiji kinamalizia chenyewe.

Basi niliporudi hosteli nikaanza kufuatilia wenzetu wanavyopanga waigizaji kwenye hadithi za aina hii. Nilianza na ile ambayo nusu ya chuo tumeitazama kwa flashi za kuazimana, The Vampire Diaries. Ilirushwa Marekani kuanzia Septemba 2009 hadi Machi 2017, misimu 8, sehemu 171. Wanyonya damu wale, wazee wetu wangewaita mumiani bila kufikiri mara mbili. Elena ana miaka 17 kwenye hadithi, lakini Nina Dobrev alikuwa na 20 tamthilia ilipoanza. Paul Wesley, anayekaa dawati la wanafunzi kama Stefan, alikuwa na 27. Sio kwamba Marekani hakuna watoto wanaojua kuigiza. Aliye chini ya miaka 18 ana saa chache za kazi kwa siku na lazima asome, na hadithi ya wanyonya damu inapigwa usiku mwingi. Mtu mzima mwenye sura ya kitoto anamaliza mgogoro huo wote.

Hata mji wenyewe ni wa kuigiza. Mystic Falls inasemekana iko Virginia. Sehemu ya kwanza ilipigwa Vancouver, Kanada, kisha kazi ikahamia Covington, mji mdogo wa Georgia, jimbo ambalo mwaka 2008 lilikuwa limeongeza nafuu ya kodi kwa watengenezaji wa filamu. Kwa hiyo ule uwanja wenye mnara wa saa ulichaguliwa na wahasibu pia, si mwongozaji peke yake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi, na ndio ulionishika. Soul Boy ni filamu ya Kenya ya mwaka 2010, saa moja tu, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora, chini ya usimamizi wa Mjerumani Tom Tykwer. Abila, kijana wa miaka 14, anaamka na kumkuta baba yake hoi, anadai mwanamke kamwibia roho. Akiwa na rafiki yake Shiku anamtafuta huyo Nyawawa, naye anampa kazi saba za kutimiza. Imepigwa Kibera kwenyewe, na Abila na Shiku walichezwa na Samson Odhiambo na Leila Dayan Opou, vijana wa umri unaokaribia ule wa hadithi. Mwaka huohuo ilipata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Rotterdam.

Tazama Abila anavyokimbia kwenye vichochoro vile. Mtu wa miaka 27 hawezi kukimbia hivyo hata umlipe. Kwa upande wa vijana, mimi niko na Kibera, siko na Covington. Ila kuna bei yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sisi ratiba yetu ya kwanza ilikuwa na wanafunzi wa kidato cha pili porini saa 5 usiku! Hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwemo. Sasa vipande vyote vya usiku vyenye wanafunzi tutavipiga jioni jua likishazama, au mchana kwa kupunguza mwanga kwenye kamera na kukwepa kabisa kuonyesha anga, maana anga ndiyo inayokuumbua.

Kuhusu mchawi, jibu nililipata kwa Wamarekani. Nina Dobrev hakucheza Elena peke yake, alicheza pia Katherine, mnyonya damu wa karne nyingi mwenye sura ileile. Nywele zimenyooka, ni Elena. Zina mawimbi, ni Katherine. Wakikutana, njia ya msingi ni hii, na haihitaji studio: kamera inafungwa kwenye stendi isitikisike hata nukta, mwigizaji anacheza upande wa kushoto, anabadili nguo na nywele, anacheza upande wa kulia, kisha nusu mbili zinaunganishwa kwenye kompyuta. Asivuke mstari wa katikati. Wakilazimika kugusana, mtu mwingine anasimama akiwa amegeuza mgongo. Adui yako mkubwa ni wingu, kwa sababu kivuli kikibadilika kati ya upande na upande, kila mtu ataona. Tulijaribu nyuma ya hosteli ya wavulana Jumamosi moja na ikakubali mara ya nne.

Kwa hiyo skripti imebadilika. Kikongwe katoka. Kinachowaangusha wasichana sasa kina sura ya yule msichana anayekiona. Kuna waliolalamika klabuni kwamba hofu imepungua, kwamba wabongo wamezoea mchawi mzee tangu enzi za Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Mimi naona imeongezeka. Kikongwe ukimkimbia umemwacha nyuma. Uso wako mwenyewe utaukimbilia wapi?

Kibali cha Bodi ya Filamu tunakifuatilia mapema safari hii. Na barua za wazazi zimeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, sio kile cha ofisini.

Bibi naye hajatusamehe kwa kufuta picha zake. Kila nikipiga simu nyumbani anauliza nafasi yake iko wapi. Tumempa nyingine: ndiye anayewaletea uji wasichana walioanguka, mchana kweupe, na anaitwa kwa jina la kwenye hadithi. Mwanawe kaisoma kurasa zote, kakubali. Yeye kaomba kitu kimoja tu, kitenge kipya, na mtunza fedha wetu bado anajikuna kichwa.

Tunarudi Keza likizo ijayo. Nafasi ya mwalimu wa zamu haijapata mtu. Anayeongea Kihangaza, au hata Kirundi cha kuungaunga, aje klabuni Ijumaa jioni.