Wameona Nini Nyumbani Mwako?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Isaya 39, 2 Nyakati 32:24–31, Luka 15:8–10, Luka 12:13–21, Yakobo 2:1–9, Matendo 9:36–42.

Fungu la kukariri: Luka 12:15. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Katika Mkoa wa Simiyu, msimu wa kuuza pamba hufunguliwa karibu na mwezi Mei. Pamba hupelekwa kwa mikokoteni na baiskeli hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi, AMCOS, na fedha iliyongojewa tangu mvua za Novemba huingia mikononi. Mji wa Bariadi huchangamka. Pikipiki mpya hutoka dukani viti vikiwa bado na nailoni. Mabati hupakiwa kwenda Dutwa na Nkololo. Na siku ya Sabato, ibada ikiisha, mazungumzo chini ya mti huwa yale yale: simu hii ni ya bei gani, kitenge kile kimenunuliwa wapi, nani mwaka huu amempita nani.

Somo hili haliulizi kama Mkristo anaruhusiwa kununua. Linauliza mazungumzo hayo yanamtukuza nani, na yanamfanyia nini jirani anayeyasikia.

JUMAPILI: Wageni Kutoka Babeli

Soma Isaya 39 na 2 Nyakati 32:24–31. Wajumbe walikuja kuuliza nini? Walionyeshwa nini?

Hezekia alikuwa amepona ugonjwa ambao ungemwua. Wajumbe wa Babeli walitaka kujua habari ya ajabu iliyotendeka katika nchi yake. Mlango wa kumshuhudia Mungu aliyekirudisha kivuli nyuma ulikuwa wazi kabisa. Mfalme akawatembeza katika hazina: fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, silaha. Nabii alipomwuliza wageni wameona nini, alijibu kwamba hakuna alichowaficha. Kuhusu Bwana aliyemponya, Biblia haiandiki hata neno moja alilowaambia. Zaidi ya miaka 100 baadaye Babeli ilirudi, safari hii kuchukua.

Kosa la Hezekia halikuwa kumiliki. Mali ile Mungu ndiye aliyempa (2 Nyakati 32:29). Kosa lilikuwa kwamba aliulizwa habari za Mungu, akaonyesha vitu vyake.

JUMATATU: Furaha Isiyo na Hatia

Soma Luka 15:8–10. Kwa nini mwanamke huyu aliwaita rafiki na jirani zake?

Yesu hamkemei mwanamke huyu. Anaitumia furaha yake kueleza furaha ya mbinguni. Basi familia iliyolala miaka mingi chini ya nyasi zinazovuja, ikawaita majirani waone paa jipya la bati, haijatenda dhambi. Shukrani ina sauti.

Tofauti iko wapi? Shukrani humtaka msikilizaji afurahi pamoja na msemaji. Majivuno humtaka ajione mdogo. Shukrani huwakumbuka waliosaidia palizi, majivuno husema, “Nimejitafutia mwenyewe.” Mwanamke yule angefurahi hata kama jirani yake alikuwa na shilingi ishirini. Majivuno hunyauka mara anapotokea mwenye kikubwa zaidi.

JUMANNE: Pikipiki ya Julai

Soma Luka 12:13–21. Katika maneno ya tajiri huyu, nani ametajwa na nani hakutajwa?

Tajiri anazungumza na nafsi yake peke yake. Hamtaji Mungu aliyeleta mvua, wala mtumishi aliyevuna, wala jirani mwenye njaa.

Mkulima wa pamba anaijua kalenda. Julai kuna fedha. Novemba zinatakiwa mbegu, na baadaye dawa za kuua wadudu. Januari shule zinafunguliwa, na ghala la chakula limepungua huku mavuno mapya yakiwa mbali. Pikipiki inayobeba abiria na kulisha nyumba ni chombo cha kazi. Lakini iliyonunuliwa ili mtu asipitwe na mwenzake mara nyingi huuzwa kwa hasara kabla ya mavuno yanayofuata. Au mwenyewe humwahidi mkopeshaji pamba ambayo bado ni maua shambani. Sifa aliipata baba. Gharama wanailipa mke na watoto, ambao nao walipalilia shamba lile lile.

Tafakari: Ni kitu gani ulichonunua ambacho usingekinunua kama hakuna mtu ambaye angekiona?

JUMATANO: Benchi la Nyuma

Soma Yakobo 2:1–9. Je, Yakobo anamlaumu mwenye pete ya dhahabu, au anawalaumu wengine?

Msimu hauwatendei watu wote sawa. Shamba moja huliwa na wadudu, lingine hukosa mvua; mjane asiye na plau wala ng'ombe hulima eneo dogo. Mtu kama huyo anapokaa chini ya mti na kusikia bei za simu na viatu, Sabato ya kwanza hunyamaza. Ya pili huondoka mara tu baada ya baraka. Ya tatu haonekani. Ukiuliza ni nani aliyemfukuza, kila mmoja atasema, “Si mimi.” Na ni kweli, hakuna aliyemwambia neno baya.

Yakobo anaelekeza karipio lake kwa wale waliompa mwenye pete kiti kizuri. Majivuno huhitaji wapiga makofi. Anayeshangilia kila kitu kipya, akakosa hata salamu kwa mwenye kanga iliyochakaa, ameshiriki kumtoa nje.

ALHAMISI: Nguo za Dorkasi

Soma Matendo 9:36–42. Wajane walimwonyesha Petro nini, na nguo zile zilimtaja nani?

Huko Yafa nako kulikuwa na maonyesho ya nguo. Wajane walisimama wakilia, wakionyesha kanzu na mavazi. Lakini hakuna aliyekuwa akijisifu. Kila vazi lilimtaja mwanamke aliyelala amekufa katika chumba kile. Hezekia alionyesha alichokuwa nacho. Dorkasi hakuonyesha kitu, na mali yake ilionekana katika miili ya wengine.

Wafugaji wa Kisukuma wamezoea kuwapeleka baadhi ya ng'ombe kwa ndugu au jirani, awachunge na kunywa maziwa. Utajiri wa mwenye kundi huonekana pia katika kibuyu cha asiye na ng'ombe. Kanisa linaweza kujifunza hapo. Sabato ijayo, pamoja na habari za vitu vipya, isikike habari ya mtoto aliyelipiwa daftari, mjane aliyelimiwa nusu eka, na aliyetafutwa nyumbani baada ya kukosekana Sabato mbili.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Soma Kumbukumbu la Torati 8:11–18, Danieli 4:28–37, 1 Yohana 2:15–17. Linganisha maneno ya Nebukadreza kabla na baada ya kunyenyekezwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasa lenu litawezaje kufurahi pamoja na aliyebarikiwa bila kumwumiza aliyekosa?

2. Kijana amenunua simu ya bei kubwa kabla ya kumrudishia deni mama aliyemkopesha fedha ya mbegu. Ndugu katika imani wamshauri nini, na kwa roho gani?

3. Ni nani katika kikundi chenu hajaonekana tangu msimu wa pamba ufunguliwe? Amueni nani atamtembelea juma hili.

4. Kama Isaya angeingia nyumbani mwako leo na kuuliza, wageni wako wameona nini, ungemjibuje?