Breki za Mafuta za Baiskeli: Namna ya Kuzichagua na Kuzitunza



Wengi wetu huja shuleni hapa Nduruma kwa baiskeli. Wenzetu waishio huku chini kwenye tambarare hawana taabu kubwa ya breki. Lakini sisi tutokao juu, upande wa Bangata, kwenye miteremko ya Mlima Meru, asubuhi hutelemka na jioni hupanda. Nimeona vema kuandika machache juu ya breki, kwa kuwa ujinga wangu katika jambo hili ulimvunja mdogo wangu mkono.

Mwaka jana mjomba alininunulia baiskeli ya mlimani iliyokwisha tumika, yenye breki za mafuta. Breki ya mbele ilipopungukiwa mafuta, nilikwenda dukani nikaomba "mafuta ya breki", nikapewa kama nilivyoomba, yaani mafuta ya breki za gari. Siku za kwanza breki ilishika barabara. Siku ya tisa asubuhi mkono wa breki ulikuwa umelegea, nami nikaupuuza. Breki ya nyuma nayo pedi zake zilikuwa zimekwisha. Nikampakia mdogo wangu kwenye keria, tukatelemka. Katikati ya mteremko niliminya mkono wa breki ukafika mpaka kwenye usukani, na baiskeli haikusimama. Nikaielekeza kwenye migomba, tukaanguka. Mimi nilichubuka tu. Yeye alivunjika mkono.

Baadaye nilimpelekea fundi ile baiskeli. Akaniuliza, "Kijana, uliweka mafuta gani?"

"Ya breki, mzee."

"Ya breki ya nani?"

Sikuwa na jibu. Basi akanifundisha, na haya ndiyo niliyoyapata kwake pamoja na somo letu la fizikia.

Kwanza, tuone jinsi breki hii ifanyavyo kazi. Katikati ya gurudumu kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Sahani hupita ndani ya kibanio chenye pedi mbili. Uminyapo mkono wa breki, pistoni ndogo husukuma mafuta katika bomba, na mafuta husukuma pistoni za kibanio, nazo pedi huibana sahani. Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1623, alieleza kwamba mgandamizo ndani ya kioevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Tuseme pistoni ya mkononi ina kipenyo cha milimita 10, na ya kibanio milimita 22. Eneo la pili ni kubwa mara 4.84 kuliko la kwanza. Basi na nguvu huongezeka karibu mara tano. Ndiyo sababu vidole viwili vyatosha kusimamisha baiskeli.

Lakini upepo ukiingia ndani ya mafuta, mambo huharibika. Mafuta hayabonyei, upepo hubonyea. Nguvu ya vidole huishia kuubonyeza upepo, na pedi hazisogei inavyopasa.

Pili, tukumbuke joto. Mimi, mdogo wangu na baiskeli tulikuwa na uzito wa kilo 80 hivi. Tukishuka mita 300, nishati inayopotea ni 80 × 10 × 300, yaani jouli 240,000. Sehemu yake huchukuliwa na upepo tunaoukata, lakini nyingi yaweza kuingia katika breki. Joto la jouli hizo zote lingetosha kuchemsha nusu lita ya maji ya baridi na kusalia. Kwa hiyo katika mteremko mrefu usiminye breki mfululizo. Minya kwa nguvu, punguza mwendo, kisha achia ili sahani ipoe. Wala usiiguse sahani mara ufikapo chini; itakuunguza.

Sasa, namna ya kuchagua. Anayekaa tambarare hana haja ya kupoteza fedha. Breki za kubana rimu zamtosha. Anayekaa mlimani atafute breki za sahani. Ukubwa wa sahani uko wa namna nyingi, kama milimita 160, 180 na 203. Iliyo kubwa hushika zaidi na hupoa upesi, lakini hakikisha kwamba uma wa baiskeli waweza kuipokea. Pedi za utomvu hazipigi kelele, ila huisha upesi katika tope. Pedi za chuma hudumu zaidi na hustahimili joto, ila hulia, na sahani nyingine hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Jambo kubwa kuliko yote ni mafuta. Breki za Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, ambayo ni jamaa ya yale ya magari. Aina hizi mbili hazibadilishani kamwe. Ukikosea, mipira ya ndani huvimba na kuharibika, na mafuta huvuja, kama yalivyonipata mimi. Jina la mafuta huandikwa mara nyingi kwenye kifuniko karibu na mkono wa breki. Lisome kabla hujafungua chupa. Na kama mahali ukaapo mafuta yake hayapatikani, heri ununue breki za sahani zinazovutwa kwa waya. Hizo zina nguvu kidogo kuliko za mafuta, lakini fundi yeyote wa kijijini aweza kuzitengeneza.

Mwisho, matunzo:

1. Kila asubuhi, kabla hujapanda, minya mikono yote miwili ya breki. Ukiona mmoja umelegea, tembea kwa miguu.

2. Tazama pedi. Ikibaki nusu milimita, badilisha.

3. Usitie mafuta ya mnyororo karibu na sahani. Ifute kwa spiriti na kitambaa safi, hasa baada ya vumbi la kiangazi na tope la masika.

4. Ukitoa gurudumu, usiminye breki, maana pistoni zitatoka nje.

5. Ukiwa umeigeuza baiskeli juu chini, isimamishe kitambo, kisha minya breki mara kadhaa kabla ya safari.

6. Breki ikilegea, mpelekee fundi aitoe upepo, na umwambie mapema aina ya mafuta.

Mkono wa mdogo wangu umekwisha pona, na sasa anakuja shuleni kwa baiskeli yake mwenyewe. Asubuhi huniuliza, "Kaka, umeminya breki?" Nami humjibu baada ya kuziminya, si kabla.

Wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, minyeni breki zenu.