Kompyuta Ikigoma, Okoa Mafaili Kwanza

Kabla ya kumwachia fundi kompyuta iliyogoma, mwambie wazi: asipige Windows upya mpaka mafaili yawe yametolewa. Mafundi wengi hukimbilia huko kwa sababu kazi huisha haraka na mteja huondoka na mashine inayowaka. Hesabu za duka na picha za harusi ndizo zinazopotea.

Kama haiwaki kabisa, hakuna taa wala feni, usihuzunike mapema. Mara nyingi tatizo ni la umeme na data haijaguswa. Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine ya aina ileile. Kwa kompyuta mpakato, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, halafu chomeka tena. Feni ikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI; huenda kilichokufa ni kioo tu.

Ngumu zaidi ni ile inayowaka kisha ikaganda kwenye nembo. Hapo tega sikio. Diski ya kuzunguka ikigonga tak-tak-tak, zima papo hapo. Usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, maana huilazimisha diski inayokufa kufanya kazi zaidi, tena huandika juu yake. Data ikiwa ya thamani, ipeleke diski kwa mtaalamu wa kuokoa data ikiwa imezimwa.

Diski ikiwa kimya, tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote. Kwenye kompyuta nyingine, iwekee mfumo endeshi wa Ubuntu kwa programu ya Rufus. Washa mashine iliyogoma kupitia flashi hiyo: Dell hutumia F12, HP nyingi F9. Ukifika kwenye Ubuntu, chagua kuijaribu; ukichagua kuisakinisha unaweza kuifuta diski nzima. Kisha fungua diski na unakili folda ya Users kwenye diski ya nje.

Kikwazo kikubwa siku hizi ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Kompyuta nyingi za Windows 11 huja diski ikiwa imefungwa, na utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwa simu kwenye akaunti yako ya Microsoft. Umuhimu wake ulionekana tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5. Data ilikuwa salama na dawa ilikuwa kufuta faili moja, lakini wasiokuwa na ufunguo huo walikwama mlangoni. Fundi naye, hata awe bingwa, bila ufunguo hana la kufanya.

Njia nyingine badala ya flashi ni kuchomoa diski, kuitia kwenye kasha la USB na kuisoma kwenye kompyuta nzima. Windows ikiuliza kama uifomati, kataa, hata ikiuliza mara tatu.

Ukishanakili, fungua picha kadhaa na nyaraka mbili tatu kutoka kwenye nakala, uone kama zinafunguka kweli. Na ukimudu kununua diski mpya, ya zamani usiifute leo. Iweke kabatini mwezi mzima, maana faili ulilolisahau ndilo bosi atakaloliulizia.