Dondoo Muhimu: Kwa Mgeni Akaaye Thailand

• Kila utimizapo siku 90 mfululizo nchini, iarifu Idara ya Uhamiaji anwani yako. Na kabla ya safari yoyote ya nje, japo ya siku mbili, jipatie kwanza idhini ya kurejea, kwani aondokaye bila ya idhini hiyo, ruhusa yake ya ukaazi hubatilika.

• Mwenye nyumba yampasa kutoa taarifa ya kuwasili kwako ndani ya saa 24. Mhimize kwa upole, na stakabadhi uihifadhi.

• Nyaraka za serikali hufuata mwaka wa Kibudha, ambao umeuzidi wa Miladia kwa miaka 543, hata 2025 ikawa 2568. Zihakiki tarehe kabla ya kutia sahihi.

• Vua viatu mlangoni, usimguse mtu kichwani wala usimwelekezee nyayo. Na wimbo wa taifa upigwapo hadharani, saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, simama.

• Karani akikuchelewesha, izuie ghadhabu, kwa kuwa kupaza sauti humfedhehesha mbele ya watu, na haja yako hukwama papo hapo.

• Kumkashifu Mfalme ni jinai, na adhabu yake kifungo cha miaka 3 hadi 15.